Mnyororo wa Chensoo Umekataa Kukata: Soma Dalili Kabla ya Kushika Tupa

Mnyororo wenye makali hutema maranda, vipande bapa vinavyoonekana kwa macho na kushikika vidoleni. Mnyororo butu hutoa vumbi. Hilo kila mkata miti wa kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Buhongwa hadi visiwa vya Ukerewe, analijua. Shida huanza jioni, anaporudi nyumbani, akachukua tupa yoyote iliyopo na kusugua kila jino mpaka ling'ae, halafu kesho yake mashine ikafanya vilevile au ikazidi. Hapo mnyororo unaitwa feki na pesa ya kununua mwingine inatoka, wakati ule wa kwanza ulikuwa bado na nusu ya maisha yake.

Kunoa nyumbani kunawezekana kabisa, na vifaa vyake vinaenea kwenye kopo moja. Ila jino la mnyororo lina sehemu kadhaa zinazotegemeana: makali ya juu, makali ya ubavuni, kona inayoyaunganisha, na kijino kifupi kilichotangulia mbele. Kila sehemu ikikosewa hutoa dalili yake. Ukiisoma dalili unajua pa kugusa. Usipoisoma, hata mashine ya kunolea ya umeme itakuharibia tu, tena kwa haraka zaidi.

Je, tupa yako ni ya mnyororo huu?

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu matatizo mengi yanazaliwa dukani, kabla hata ya kunoa. Muuzaji atakwambia, "Chukua hii kaka, inanoa chensoo zote." Hakuna tupa ya namna hiyo. Tupa ya mviringo huchaguliwa kwa pichi ya mnyororo, yaani kipimo cha nafasi ya viungo vyake, na pichi unaweza kuipima mwenyewe kwa rula. Pima kutoka katikati ya riveti (pini inayounganisha viungo) ya kwanza hadi katikati ya riveti ya tatu, kisha gawa kwa mbili.

Ukipata milimita 8.25 hivi, huo ni mnyororo wa inchi 0.325. Ndio unaokuja na mashine nyingi za Kichina zenye injini ya cc 52 na 58, na tupa yake ni ya milimita 4.8. Ukipata 9.5, ni mnyororo wa inchi 3/8, ambao hutaka tupa ya 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji: Stihl wanataja 5.2, Oregon 5.5. Ukipata kama 10.3, una mnyororo wa inchi 0.404, ule mnene unaofungwa kwenye mashine kubwa za kupasulia mbao kama Stihl 070. Huo tupa yake ni 5.5.

Kuna mtego mmoja. Mashine ndogo za kupogolea miti ya uani mara nyingi hutumia 3/8 ya meno mafupi. Ukiupima kwa rula utadhani ni 3/8 ya kawaida, lakini jino lake ni dogo na linataka tupa ya 4.0 (baadhi yake 4.5). Ukiliingizia 5.5 umelimaliza.

Kwa nini nusu milimita isumbue hivyo? Kwa sababu tupa ndiyo inayochonga umbo la jino kwa ndani. Tupa nene kupita kiasi huyalaza makali nyuma, na jino linabaki kuparaza mti juu juu bila kuingia. Tupa nyembamba huchimba chini ya makali na kuacha ndoano kali sana: inakata vizuri kwa muda mfupi, kisha ukingo unavunjika kwa kuwa hakuna chuma cha kuushikilia. Kwa hiyo dukani, iwe Makoroboi mjini Mwanza au duka la vifaa la jirani yako, soma namba iliyoandikwa kwenye tupa au pakiti yake. Kama haina namba, iache.

Pamoja na tupa ya mviringo nunua kishikio cha bati chenye mistari ya pembe ya nyuzi 30. Hicho hukaa juu ya jino na kuizuia tupa isizame: sehemu ya tano ya unene wa tupa inatakiwa ibaki juu ya usawa wa jino. Anayenoa kwa mkono mtupu anaweza kupatia siku moja na kukosea siku ya pili, na meno yakawa ya aina mbili kwenye mnyororo mmoja. Ongeza tupa bapa ndogo, kibati cha kupimia vijino vya mbele, kalamu ya wino mzito ya kuwekea alama, na glavu. Tupa iwe na mpini. Ule mkia wake mtupu hutoboa kiganja. Baa, ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo, ifungwe kwenye jiliwa, vaisi kama wengi wanavyoiita, au iingizwe kwenye mkato uliochongwa kwenye kisiki ili isitikisike. Na kabla ya yote, zima mashine na uchomoe waya wa plagi.

Grainda ya mkono, ile ya kukatia nondo, siipendekezi hata kidogo. Haina kipimo cha nyuzi wala cha kina, na inachoma chuma. Mashine ndogo za kunolea zenye jiwe la mviringo zinafaa kwa mwenye minyororo mingi, mradi jiwe liwe na kipenyo sahihi na mkono uwe mwepesi. Kwa mtu mwenye mnyororo mmoja au miwili, tena anayefanya kazi visiwani ambako umeme si wa kutegemea, tupa inamtosha.

"Unatoa vumbi, na lazima niukandamize"

Hii ndiyo dalili ya kweli ya ubutu, lakini isikudanganye. Mti uliokauka kabisa hutoa vumbi hata kwa mnyororo mpya. Vilevile ukipasua gogo kwa urefu ukianzia kichwani, chembe zinakuwa ndogo kwa asili ya kazi yenyewe. Jaribu kukata gogo bichi kwa upana. Likitoa vumbi hapo, mnyororo ni butu.

Sasa geuza jino kuelekea jua na utazame ukingo wake. Makali halisi hayaonekani, hayarudishi mwanga. Ukiona mstari mweupe unaong'aa kwenye ukingo au nukta inayong'aa kwenye kona, huo ndio ubutu wenyewe, na kazi yako ni kusukuma tupa mpaka mstari huo upotee. Kona ichunguze kuliko sehemu nyingine, maana ndiyo inayotangulia kuingia kwenye mti.

Tafuta jino lililoharibika kuliko yote, liwekee alama ya wino, na uanze nalo. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa mwendo wa mbele tu. Ukirudisha, inyanyue, tupa haikati ikirudi, inajiua tu. Hesabu ilihitaji misukumo mingapi kupona, halafu yape meno mengine yote hesabu ileile ili urefu ubaki sawa. Maliza upande mmoja wa mnyororo, kisha hamia upande wa pili.

Ubavu wa nje na mgongo wa jino vimepakwa kromu ngumu. Mnyororo ukigonga jiwe, kromu hiyo humeguka ukingoni. Wengi huishia pale jino linapoanza kung'aa, na kromu iliyomeguka inabaki. Jino la hivyo litakata kwa muda mfupi na kurudi butu. Rudisha ukingo nyuma mpaka ukutane na kromu nzima, hata kama ni misukumo mingi.

Kwetu kando ya ziwa mawe na mchanga havikosekani. Gogo lililoburutwa ufukweni hujaza mchanga kwenye nyufa za gome, na mchanga huo ni sawa na kupitisha meno kwenye jiwe la kunolea kinyumenyume. Kwangua gome kwa panga mahali utakapokata, na liwekee gogo magogo madogo chini yake ili ncha ya baa isiguse udongo. Mbao za mitumbwi chakavu nazo zikague misumari kwanza. Mvule, mti ambao wajenzi wa mitumbwi wanaupenda, una siri yake: ndani yake hujitengeneza mabonge magumu ya chokaa, mawe hasa, ambayo hayaonekani kutoka nje. Ukisikia sauti imebadilika ghafla katikati ya mvule, ondoa msumeno utazame meno. Usilazimishe.

"Nimenoa, meno yananikata kidole, lakini mti haukatiki"

"Shikamoo fundi. Nimenoa jana yote."

"Marahaba. Vijino vya mbele umevipima?"

Mara nyingi jibu ni hapana, na tatizo limepatikana. Kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino hakikati. Kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani. Mgongo wa jino umeteremka kuelekea nyuma, kwa hiyo kila unaponoa, makali yanarudi nyuma na kushuka chini. Kijino kinabaki palepale. Hatimaye vinalingana, na jino kali linateleza juu ya mti bila kuugusa sawasawa.

Kwa minyororo mingi ya 0.325 na 3/8 tofauti ya urefu kati ya makali na kijino ni milimita 0.65 hivi, kwa 0.404 ni karibu 0.8. Weka kibati cha kupimia juu ya meno, na chochote kinachochomoza kwenye tundu lake kipitishe tupa bapa. Halafu zungushia kona ya mbele ya kijino, maana ikibaki ya mraba inakwaruza mti na kutikisa mashine. Kibati hakipatikani? Mafundi pikipiki wana fila geji, vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana, wanayopimia valvu. Laza rula ya chuma juu ya ncha za meno mawili yanayofuatana, na ingiza fila kati ya rula na kijino. Pima hivi kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, wala usisubiri mashine ikatae.

"Unashika, unaruka, mashine inazimika ndani ya mti"

Hapa kuna hatari, na ninaomba usiendelee kufanya kazi na mnyororo wa namna hii. Chanzo cha kwanza ni vijino vya mbele vilivyoshushwa mno. Kuna wanaovikata makusudi ili msumeno "ule haraka". Jino linazama kuliko injini inavyoweza kulivuta, na mbaya zaidi ncha ya baa ikigusa kitu, msumeno unarushwa nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Kijino kilichokwisha kushushwa hakirudi juu. Namna pekee ni kunoa jino lenyewe kurudi nyuma mpaka tofauti ifike inapotakiwa, na kama ni kubwa mno mnyororo huo umekwisha.

Chanzo cha pili ni ndoano: tupa nyembamba, au tupa iliyokandamizwa chini badala ya kusukumwa nyuma. Litazame jino kwa ubavu. Kama makali yamejikunja mbele juu ya tundu lenye kina, rudi kwenye tupa yenye kipimo sahihi na kishikio chake, na uunde upya.

"Unakata ukipinda"

Mwaka 1946 Mmarekani Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, alimtazama buu wa mbawakawa akila gogo. Aliona taya zake zinakata kushoto na kulia, akaunda mnyororo wenye meno yanayopokezana vivyo hivyo, na mwaka uliofuata akaanza kuutengeneza kwa biashara. Mnyororo ulio kwenye mashine yako unafuata ubunifu ule. Meno ya kushoto na ya kulia yanapokezana kazi, na upande mmoja ukiwa mrefu au mkali kuliko mwingine, mkato lazima upinde.

Kabla hujalaumu meno, geuza baa juu chini na ukate tena. Mkato ukihama na kupinda upande wa pili, tatizo ni baa: kingo zake zimelika upande mmoja, au mfereji umepanuka. Lainisha kingo kwa tupa bapa zilingane, na ujizoeze kuigeuza baa mara kwa mara ili ilike sawasawa. Mkato ukiendelea kupinda upande uleule, tatizo ni meno. Pima urefu wa mgongo wa jino kwa kalipa, ya kushoto na ya kulia, kisha fupisha yaliyo marefu yafuate mafupi. Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida ana nguvu zaidi anaponoa upande mmoja. Badili unaposimama ukihamia upande wa pili, mwili ukae kama ulivyokaa mwanzo, na usitegemee kukunja kifundo cha mkono.

"Makali hayadumu"

Kama umehakikisha kromu ni nzima na gogo ni safi, tafuta rangi ya samawati kwenye meno. Hiyo ni alama ya moto: jiwe la mashine lilibanwa mahali pamoja hadi ugumu wa chuma uliowekwa kiwandani ukaharibika. Noa kwa tupa mpaka sehemu iliyoungua iishe. Ukitumia mashine, gusa na kuachia, gusa na kuachia. Usikae juu ya jino.

Kisha pima nyuzi. Pembe iliyochongoka kuliko nyuzi 30 inaingia kirahisi kwenye msindano laini wa mashamba ya miti ya Buhindi au Rubya, lakini kwenye mwembe uliokauka au mkwaju ukingo huo mwembamba haukai. Kwa miti migumu nyuzi 25 hadi 30 zinatosha.

Wapasua mbao wana hesabu yao tofauti. Kupasua gogo kwa urefu kwa mnyororo wa nyuzi 30 kunawezekana, na wengi wanafanya, ila ubao unatoka na mikwaruzo na injini inachoka. Minyororo ya kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10 hivi. Ukiwa na minyororo miwili, utenge mmoja kwa kazi hiyo na uubadilishe pembe pole pole, kila unaponoa, badala ya kumaliza chuma chote siku moja.

Tupa inateleza juu ya jino

Ama tupa imekwisha, ama imejaa chuma, ama jino limeungua likawa gumu mahali hapo. Isugue tupa kwa brashi ya waya, paka chaki ili chembe zisigande, na ujaribu kwenye jino lingine. Ikiteleza kwenye yote, nunua nyingine. Kulazimisha tupa iliyokufa ndiko kunakofanya watu wakandamize na kuharibu pembe. Usiipake oili. Unyevu wa ziwa hula tupa haraka, hivyo kila moja izungushie kitambaa kikavu, tena zisisuguane ndani ya kopo.

Moshi, na baa kubadilika rangi

Usinoe kwanza. Tazama oili. Washa mashine, elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi kwa umbali wa sentimita 20 hivi, na uvute moto. Mstari wa oili ukionekana kwenye boksi, pampu inafanya kazi. Usipoonekana, toa baa, zibua tundu la oili na mfereji wote. Oili chafu ya gereji, ambayo wengi hujaza kwa kubana matumizi, ina chembe za chuma na imeshakuwa nyepesi. Inakula baa, pampu na riveti. Kama oili maalumu ya mnyororo imekosekana, afadhali oili mpya ya injini namba 30.

Kukaza nako huleta moshi. Mnyororo uliopoa unatakiwa uvutike kwa mkono wenye glavu bila kukwama, na usining'inie chini ya baa. Ukiukaza ukiwa wa moto, ulegeze kazi ikiisha, maana ukipoa unajikaza na kuivuta shafti.

Lini uache kunoa

Minyororo mingi ina mstari mdogo uliochongwa mgongoni mwa jino. Ukiufikia, au mgongo ukibaki milimita 4, mnyororo umekwisha. Jino fupi kuliko hapo linaweza kukatika na kuruka. Uache pia ukiona ufa kwenye kiungo chochote, au riveti zinacheza. Na unapofunga mnyororo mpya, fungua kifuniko uangalie sproketi, gurudumu linalozungusha mnyororo. Ikiwa imechimbwa makovu ya kina na viungo vya mnyororo wa zamani, ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu sproketi iliyolika huvuta viungo vipya kwa nafasi isiyo yao, na mnyororo utarefuka kabla haujaonja tupa.